Waliolilia Nafsi Zao

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alifariki Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kutembea, na maneno yake tuliyaelewa sisi wa nyumbani tu. Wanawake waliokuja kuhani waliketi mkekani, wakampa mama mkubwa mkono, wakamwambia, "Shukuru Mungu, dada. Yeye kapumzika, na wewe umepumzika."

Hawakusema kwa ubaya. Wengi wao ndio waliochota maji na kupika siku zote za matanga. Lakini mama mkubwa aliendelea kulia, hadi uani ikaanza kusemwa kwamba huo sasa ni ubinafsi, kwamba anataka mwanawe arudi kwenye mateso ili yeye asibaki mikono mitupu. Maneno yakamfikia. Akajibu, "Kweli, najililia mwenyewe. Nani atanipigia kelele Coastal wakifunga?"

Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, kaka alikuwa kando ya redio, na shangwe yake ilisikika hadi barabarani. Nyumba nzima ilijua matokeo kupitia kwake.

Jibu la mama mkubwa limenikaa moyoni miaka yote hii. Mjane hulilia upweke wake, mtoto hulilia mgongo aliobebwa nao, na hakuna anayewalaumu. Kwa kaka watu walikwama, kwa sababu hawakuona mtu angeweza kupoteza nini kwake. Tena naamini ubinafsi wenyewe ulikuwa kwingine: kwa jamaa waliokuwa wakimfungia mlango posa ikija nyumbani. Siku ile walipumua, na ahueni yao wakaiita huruma kwake.

Hata sheria za wakati ule zilimtazama zaidi kama mtu wa kulelewa. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira ya watu wenye ulemavu, nyingine ya matunzo yao, iliyoweka jukumu la kuwatunza kwa jamaa na serikali. Mengi yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2008, watu wenye ualbino wakiwa wanauawa, Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge. Sheria ya mwaka 2010 ikaja na haki ya elimu, ya kufikia majengo na huduma, na ikamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Utekelezaji ni habari nyingine, na inauma.

Mabadiliko yenyewe niliyasikia kwa masikio yangu msibani, Temeke, miaka michache iliyopita. Aliyefariki alikuwa binti wa jirani, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, mhazini wa kikoba cha mtaani. Wanawake walilia kwa sauti, na walijililia wenyewe: nani atatushikia daftari, nani atamkabili mdaiwa bila kumwonea haya? Mzee mmoja akawakemea, eti mnalilia fedha zenu badala ya kumlilia marehemu. Mimi niliwaona wako sawa kabisa. Walikuwa wamepungukiwa na mtu, na walijua kwa hakika ni nini kilichowapungukia. Shangazi aliyetoka kijijini alipomnong'oneza mama mtu kwamba sasa atapumzika, mwanamke wa kikoba alimkata kauli pale pale: "Apumzike na nini, shangazi? Huyu ndiye aliyekuwa akitupumzisha sisi."

Kilichobaki nyuma ni saruji. Ofisi ya mtaa ina ngazi, na binti yule, kila alipohitaji muhuri, ilimbidi ampigie simu mwenyekiti atoke nje. Ngazi zipo vile vile hadi leo, hazina hata kimteremko cha mbao. Nimemwambia mwenyekiti, na nitaendelea kumwambia.