Churro za Madrid zilivyotuunguza Sinza

WATU wa Madrid hawalali, msomaji wangu. Kama wewe ni mtu wa kujirusha na unadhani Dar ndiyo kiboko ya mikesha, subiri ufike pale Puerta del Sol saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili. Madisko yanafunga, kina dada wameshika viatu mkononi, washikaji sauti zimekauka, na treni za chini ya ardhi bado hazijaanza. Zinaanza saa kumi na mbili kamili. Sasa hiyo saa nzima ya baridi mtu aifanyie nini? Sisi kwetu tungekimbilia supu na chapati. Wenzetu wanakimbilia churro.

Usinikunjie uso. Churro siyo chura. Ni kitafunwa cha unga wa ngano, maji na chumvi, basi. Hakuna hamira, hakuna yai, hakuna hata sukari ndani yake. Kinakamuliwa kama kamba yenye unene wa kidole, kinatumbukizwa kwenye mafuta ya moto mpaka kinakuwa rangi ya dhahabu. Mwilini kina mifereji kutoka kichwani hadi mkiani, na ukikikata katikati unaona umbo la nyota. Kwa ukoo tuseme ni binamu wa kalimati na andazi, ila huyu ni mwembamba, mkavu, na anapiga kelele ukimtafuna.

Hiyo nyota naomba uiweke akilini. Nitairudia, na nikiirudia hutacheka.

Nilikwenda Madrid kumtembelea binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja. Usiku wa kwanza tu akanikesha, na alfajiri akanipeleka San Ginés, mgahawa ulio kwenye kichochoro ubavuni mwa kanisa la jina hilo hilo, hatua chache kutoka Puerta del Sol. Mahali penyewe pamekuwepo tangu mwaka 1894. Meza ni za marumaru nyeupe, mbao za ukutani za kijani, na picha za watu maarufu waliopita pale zimejaa tele. Jirani yake kuna ukumbi wa Eslava, ulioanza kama jumba la maigizo karne ya 19 na mwaka 1981 ukageuzwa disko. Kwa hiyo mtu anatoka kucheza, anapiga kona, anakula. Mipango ya jiji hiyo!

Tukaletewa churro sita sita, na kikombe cha chokoleti kila mmoja. Mimi mshamba nikakiinua kikombe nipige funda kama chai. Haikutoka! Ile chokoleti ni nzito kama uji wa mgonjwa, tena nyeusi, wala haina sukari nyingi. Binamu akacheka hadi machozi. "Inachovywa, bwana. Hiyo huinywi mpaka churro ziishe."

Nikachovya. Jamani! Nje inakwaruza, ndani laini, chumvi inakutana na uchungu wa kakao. Binamu akaniambia Wahispania wana msemo wao: mambo yawe wazi, chokoleti iwe nzito. Yaani mtu akikuzungusha maneno, unamwambia hivyo.

Kakao yenyewe siyo mali ya kwao. Waliikuta Mexico karne ya 16 walipokwenda kuteka nchi za watu, wakaibeba hadi Ulaya. Leo hata Kyela kwetu inalimwa, lakini hayo nitayafikia.

Churro na chokoleti ni chakula cha alfajiri na cha kundi. Usiku wa Desemba 31 watu wanajaa pale Puerta del Sol, wanakula zabibu 12 kufuata milio 12 ya saa ya mnara, wanapiga kelele za mwaka mpya, na kukipambazuka churro zinahusika. Hakuna anayenunua akaziweka kwenye mkoba azile jioni. Churro ikipoa inakuwa kama ukanda wa viatu. Ndiyo maana zamani wauzaji walizitunga kwenye unyasi, mnunuzi akazibeba mbio mbio hadi nyumbani, kama mtu na mtungo wake wa samaki.

Siku ya tatu nikaenda peke yangu mtaa wa Lavapiés, mtaa wa wageni, wamejaa Wasenegali na Wabangladeshi. Pale kulikuwa na kibanda, mzee mmoja anakamua unga kwa bomba la chuma linalozungushwa kwa mkono. Anakata vipande, anakunja ncha mbili zikutane kama kitanzi, anatupia kwenye mafuta. Pembeni ana dude kubwa linalozunguka kama konokono. Hizo zinaitwa porra, nene zaidi, na unga wake unatiwa kitu cha kuumua. Kwa Kihispania changu cha kuokoteza nikamwuliza kwa nini churro zake zina umbo la nyota. Akaigonga ile ncha ya chuma kwa kidole, akasema maneno mengi, nikaambulia neno moja tu: hatari. Nikadhani ananitisha ili nisiende kufungua biashara. Nikacheka, nikalipa, nikaondoka.

Yule mzee alikuwa ananipa somo la bure.

MAMBO YA SINZA

Nimerudi Dar, mtu wa Ulaya mimi. Jumamosi moja nikaalika washikaji wanne nyumbani kwetu Sinza, nikatangaza kwamba leo mtakula vitu vya Madrid. Bomba la chuma sina. Nikaona si neno, nikachukua mfuko wa kupambia keki, nikakata ncha kwa mkasi. Ukikata mfuko hivyo kinachotoka ni duara, siyo nyota. Nikajiambia nyota ni urembo tu. Tena mafuta niliyaacha yawake hadi yakatoa moshi, nikidhani ndiyo yameiva.

Ya kwanza ikakaangika. Ya pili ikakaangika. Mdogo wangu wa kike akasogea kuona. "Kaka, mbona hii ya tatu inavimba?"

Sikuwahi kujibu. Ililipuka paa! kama tairi la baiskeli, mafuta yakaruka juu, mengine yakatua kwenye mkono wake kuanzia kiwiko kwenda chini. Kilio chake sijakisahau mpaka leo. Mshikaji mmoja akakimbilia dawa ya meno, mwingine anaita yai. Bahati jirani yetu ni muuguzi, aliingia akawafukuza wote, akauweka ule mkono chini ya bomba la maji dakika 20 nzima, kisha tukampeleka zahanati. Mama alisimama mlangoni ameshika kiuno. Aliniambia neno moja tu: "Uzungu wako umemuunguza mwenzio."

Washikaji wakaaga mmoja mmoja. Chokoleti ikaganda kwenye sufuria. Mdogo wangu akakaa wiki mbili na bandeji, na jikoni nikiingia mimi, yeye anatoka.

NYOTA NI KINGA

Ndipo nikaanza kutafuta nilikosea wapi, na nikagundua siko peke yangu. Mwaka 2004 gazeti moja la Chile lilichapisha maelezo ya kupika churro. Siku chache baadaye watu wakaanza kufika hospitali wameungua, churro zimewalipukia. Kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, na mwaka 2011 kampuni ya gazeti ikaamriwa kuwalipa watu 13 jumla ya zaidi ya dola 125,000 za Marekani. Joto la mafuta lililoandikwa lilikuwa kali mno, nyuzi 250, na maelezo hayakuwa yamejaribiwa ipasavyo. Kwa hiyo leo unaposoma ukurasa huu, mwandishi wako ameyapika haya kwa mkono wake kabla ya kushika kalamu!

Sababu yenyewe ni hii. Unga wa churro una maji mengi. Ukitumbukia kwenye mafuta, ngozi ya nje inakauka haraka na kuwa gamba, huku maji ya ndani yanageuka mvuke. Mvuke unataka pa kutokea. Churro ya duara, nene na laini, inaubana mvuke mpaka gamba linapasuka kwa kishindo. Yenye mifereji ya nyota inaiva sawasawa, katikati hapako mbali na moto, na mvuke unatoka pole pole. Mafuta yakiwa makali mno, gamba linawahi kukauka, na hatari inaongezeka. Ndilo lile neno la mzee wa Lavapiés.

Sasa bomba la nyota utalipata wapi hapa mjini? Nililia na hilo mpaka siku moja mama akafungua kabati la vyombo, akatoa mashine yake ya tambi. Ile ya chuma ya kukamulia tambi za dengu wakati wa sikukuu, unazungusha mpini juu, tambi zinatoka chini. Inakuja na visahani kadhaa vya kubadilisha, na kimojawapo kina tundu la nyota! Wahindi wanakitumia kwa vile vitafunwa vyao vya kuzungusha, chakli. Nimezunguka Ulaya, kumbe bomba la churro liko chini ya vikombe vya mama. Madukani Kisutu na Kariakoo ulizia mashine ya tambi, uhakikishe kisahani cha nyota kimo.

TUINGIE JIKONI

Kwa watu wanne andaa: maji vikombe 2, unga wa ngano vikombe 2 (kikombe kile kile), chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta ya kukaangia.

Chekecha unga kwenye bakuli. Chemsha maji na chumvi. Yakitokota sawasawa, mimina yote kwa mpigo juu ya unga, kisha songa kwa mwiko kama unasonga ugali. Songa kwa nguvu mpaka kusiwe na kidonge hata kimoja cha unga mkavu. Acha upumzike dakika 10.

Jaza mashine huku ukishindilia, usiache mifuko ya hewa. Zungusha kitambaa mwilini mwa mashine maana chuma kinashika joto. Kamulia kwanza kwenye sinia lililopakwa mafuta, ukate vipande vya urefu wa kiganja. Usikamulie moja kwa moja juu ya karai kama bado unajifunza.

Mafuta yasizidi nusu ya sufuria, na iwe sufuria ndefu. Joto zuri ni nyuzi 180 hadi 190. Huna kipimo? Dondosha kipande kidogo cha unga: kikipanda na mapovu na kubadilika rangi taratibu, sawa. Kikiwa cheusi mara moja, au mafuta yakitoa moshi, zima moto, subiri. Kaanga tatu tatu, dakika 3 hivi, ukigeuza kwa koleo refu. Weka mfuniko karibu. Moto ukishika, funika, usimwage maji. Na watazamaji wote wakae sebuleni.

Chokoleti ya kuchovya: weka nusu lita ya maziwa jikoni, ila bakiza robo kikombe ya baridi ukorogee kornflawa kijiko kimoja cha mezani. Maziwa yakipata moto tia chokoleti nyeusi gramu 150 iliyokatwakatwa, koroga iyeyuke, kisha mimina ule mchanganyiko wa kornflawa. Koroga bila kuacha mpaka iwe nzito na kung'ang'ania mwiko. Chokoleti ya dukani ikikushinda bei, tumia unga wa kakao vijiko 4 vya mezani, sukari vijiko 4 na kornflawa vijiko 2. Ukipata kakao ya Kyela, utakuwa umepika cha Madrid kwa jasho la Mbeya.

ZILIWE NA NINI?

Madrid ni chokoleti nzito au kahawa ya maziwa. Mexico wanazigaragaza kwenye sukari yenye mdalasini. Argentina wanazijaza katikati maziwa yaliyochemshwa na sukari hadi yakawa kama tofi. Kwetu mimi nimejaribu mengi. Kahawa chungu ya vikombe vidogo ndiyo namba moja, inakata mafuta. Chai ya tangawizi inafuata. Asali na ndimu usipime. Soda usithubutu, utamu juu ya mafuta unakinaisha mapema.

Mara ya pili nilipika alfajiri, kabla washikaji hawajaamka, sitaki shahidi. Mama alikaa mezani na kikombe chake. Mdogo wangu akatokeza kichwa mlangoni, ule mkono wenye kovu ameuficha nyuma. Akaziangalia churro za kwanza zikitoka salama, mifereji yote inaonekana.

"Hazilipuki?"

"Hazilipuki. Nimefuata nyota."

Akasogea polepole, akachukua moja, akaichovya mpaka vidole vikaingia kwenye chokoleti. Akatafuna, kimya. Halafu akasema, "Kaka, mashine niache mimi nizungushe. Wewe kaa na mama."

Nikakaa. Mambo yamekuwa wazi, na chokoleti ilikuwa nzito. Tukutane wiki ijayo.