Kitabu na Jembe katika Milima ya Usambara

Msafiri apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto hupata somo la kwanza la Usambara kabla hajaiona shule yoyote. Barabara hujipinda kando ya genge, mto hunguruma chini ya korongo, na juu ya kila mteremko mtu amelima. Mahindi, maharage, migomba na kabichi hushikilia udongo ambao kila masika hutaka kushuka bondeni. Katika nchi ya namna hii, swali la nini kifundishwe shuleni huwahusu watu wa ofisi za elimu, na humhusu vilevile mkulima anayetazama shamba lake likipungua. Sisi tulizaliwa katika milima hiyo, tukasoma huko katika shule moja ya Kanisa la Kilutheri, na tangu hapo swali hilo halijatuacha.

Elimu ya shule iliingia Usambara ya Magharibi pamoja na wamisionari wa Kijerumani, Johanssen na Wohlrab, waliofungua kituo chao Mlalo mwaka 1891. Mafunzo yalikuwa kusoma, kuandika, kuhesabu, kuimba na Neno la Mungu, na Kisambaa kikaandikwa kwa herufi za Kirumi. Lakini tukitazama kwa makini, tutaona kwamba mafunzo mengi ya baadaye yalizaliwa na haja za watu. Lutindi palianzishwa mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye yakageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Vuga, iliyokuwa makao makuu ya wafalme wa Kilindi, ilipata kiwanda cha kupiga chapa cha Kanisa, kilichotoa vitabu vilivyosomwa mbali na milima hii. Irente ikapata shule ya watoto wasioona. Kila mahali haja ilitangulia, na somo likafuata.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka kwa haraka. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizichukua shule za makanisa zilizokuwa zikipewa ruzuku, na makanisa yakabaki na seminari na shule chache za binafsi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likahimiza kwamba kusoma kuende sambamba na kazi, na shule za sekondari zikawa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Hivyo tulipoingia kidato cha kwanza mwaka 1984, ratiba yetu ilikuwa imekusanya mikondo mingi ya historia katika ubao mmoja. Asubuhi tuliabudu na kujifunza Maarifa ya Biblia. Kisha Hisabati, Biolojia, Historia na Jiografia. Baada ya hapo Siasa. Na jioni kwaya au tarumbeta, zikilia katika ukungu hata ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Hatukuona mgongano wowote kati ya Biblia na Siasa. Mwalimu wa somo moja na wa somo la pili walikula ugali na maharage katika bwalo moja, nasi tukala nao.

Mgongano tuliouona ulikuwa kati ya kitabu na jembe. Tulipofika kidato cha tatu tulipangwa katika mchepuo wa kilimo. Sisi tulipenda ushairi; tulikwisha kujaza daftari mbili kwa tungo ambazo leo tunashukuru kwamba zimepotea. Orodha ilipobandikwa, tulilia kwa siri nyuma ya bweni. Kilio hicho kilikuwa na sababu, nayo tunataka walimu waisikie. Katika shule yetu mwanafunzi aliyechelewa ibada alichimba matuta matatu. Aliyezungumza Kiswahili mahali pasiporuhusiwa alichimba mawili. Aliyefeli jaribio alipalilia bustani ya kabichi siku ya Jumamosi. Mkono uleule ulioandika katika ratiba kwamba kilimo ni somo ulikiandika katika daftari la nidhamu kwamba ni adhabu. Tungewezaje kukipenda?

Likizo ilipofika tulirudi nyumbani na elimu nusunusu. Tulimwamkia baba shikamoo, tukapewa marahaba, na kabla chai haijapoa tukaanza kumfundisha. Tulimwambia kwamba shamba la chini linaliwa na mvua na kwamba yafaa akate matuta kukinga mteremko. Baba aliweka kikombe chini. "Mwanangu," alisema, "matuta nayajua kabla yako. Nilitozwa faini kwa ajili ya matuta."

Ndipo tulipoisikia kwa mara ya kwanza habari ambayo vitabu vyetu vya Historia havikuwa nayo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye mpango huo ukatandazwa katika sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamrishwa kuchimba matuta katika mashamba yao bila malipo, na aliyekaidi alishtakiwa. Kazi ilikuwa kubwa, na mzigo wake uliwaangukia zaidi wanawake, waliokuwa na mashamba ya chakula mikononi mwao. Watu waliogopa pia kwamba mashamba yaliyopimwa yangekuja kunyang'anywa. Walipinga kwa maneno, kwa mikutano na kwa kuyaacha majembe yalale, na mpango ukafa kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa. Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Lakini dawa ilipotolewa kwa fimbo, mgonjwa aliichukia dawa yenyewe. Baba alikuwa kijana wakati huo, na kwake tuta lilibaki kuwa alama ya unyonge.

Tulirudi shuleni tukiwa kimya. Muhula huo alikuja mwalimu mpya wa kilimo, ambaye hakutumia jembe kuadhibu. Alitupeleka mtelemkoni na fito tatu, kamba na jiwe. Fito mbili zenye urefu sawa zilifungwa juu na kutanuliwa chini kama miguu. Ya tatu ikawekwa katikati kulala kama mshipi. Na kamba yenye jiwe ikaning'inia kutoka kileleni, nayo ndiyo timazi. Tulisimamisha chombo, tukatia alama mahali kamba ilipogusa ufito wa kulala. Tukakigeuza, kila mguu ukachukua mahali pa mwenzake, tukatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Kuanzia hapo tulitembea kukata mlima, mguu mmoja ukizunguka mwingine, tukichomeka kijiti kila kamba ilipotulia katikati. Tulipogeuka nyuma tuliona mstari wa vijiti ukifuata ubavu wa mlima kama mshipa wa jani. Hisabati, Jiografia na Kilimo vilikuwa vimeshikana mikono mbele yetu, na hapakuwa na aliyeadhibiwa.

Ilibaki taabu ya lugha. Yote hayo tulifundishwa kwa Kiingereza, na maneno ya mtihani hayakujua njia ya kwenda kwetu. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri iliachiwa watoto, nasi tukaifanya usiku kwa taa ya chemli. Ushairi uliodharauliwa na mchepuo ulikuja kuusaidia mchepuo, kwa kuwa mtu aliyezoea kutafuta vina na mizani hachoki kutafuta neno. Tuliliepuka neno matuta. Tukasema: tunataka kuyafanya maji yatembee polepole.

Likizo iliyofuata hatukumfundisha baba. Tulikata fito tatu, tukaning'iniza jiwe, tukaanza kupima wenyewe. Alikuja, akasimama, akatazama jiwe likitulia. Kisha akauliza, "Maji yenyewe yanataka kwenda wapi?" Tulimwonyesha. Akakichukua chombo mikononi mwetu, akapima hatua kumi kwa mkono wake, akasema, "Hawa walioniletea faini hawakuniuliza hili."

Alikubali mstari mmoja tu, katika shamba la chini. Miaka hiyo ulikuwapo wilayani mradi wa kuzuia mmomonyoko na kuendeleza kilimo mseto, SECAP, ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani Magharibi, nao ulihimiza kupanda majani ya guatemala katika mistari ya namna hiyo. Majani yalishika udongo na kulisha ng'ombe, na ng'ombe akarudisha samadi. Msimu baada ya msimu udongo ulijikusanya juu ya majani hata mteremko ukaanza kuwa ngazi. Baba amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ngazi ile ipo.

Sisi hatukuwa mabwana shamba. Tulimaliza kidato cha nne, tukaajiriwa serikalini, tukazeeka na mafaili na mashairi. Lakini tunapotazama mambo ya elimu katika milima yetu, tunapima kwa timazi ile. Mwaka 2007 Kanisa lilipofungua Magamba, juu ya mji wa Lushoto, chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, fani yake ya mwanzo ilikuwa elimu maalumu, ya kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu. Wapo walioshangaa. Aliyezikumbuka Lutindi na Irente hakushangaa. Fani hiyo ilikuwa na mizizi hapo mlimani.

Na sasa, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, mkondo wa amali umeingia katika sekondari zetu, nao ulianza mwaka 2024. Tumefurahi, maana ni ndugu wa michepuo ya ujana wetu. Lakini tunawaomba walimu jambo moja. Asipelekwe huko mwanafunzi kwa sababu amefeli kwingine, wala jembe, randa na cherehani visitajwe katika daftari la adhabu. Nanyi wanafunzi, mkipangwa msikokupenda, msilie nyuma ya bweni kabla hamjalishika timazi. Jifunzeni, kisha mtafute maneno ya kuipeleka elimu hiyo nyumbani. Na mkifika, mpeni mzee chombo apime mwenyewe.