Daftari la Dada wa Saluni

Agosti 2009 Nairobi ilikuwa imekauka. Maji ya bomba yalikuja kwa mgao, bei ya mtungi ikapanda, na katikati ya ukame huo redio zikaanza kututangazia kwamba El Niño iko njiani. Sisi wa Dandora tuliikumbuka ile ya 1997, maji machafu yalipoingia mpaka chini ya vitanda. Kwa hiyo kikundi chetu cha vijana kilipoambiwa kwamba wanafunzi wa chuo kutoka Uingereza wanakuja kujitolea kwa wiki moja, na tuwachagulie kazi, hatukubishana sana. Mtaro.

Asiyeijua Dandora hudhani imemea yenyewe, kando ya jalala. Sivyo. Ilipimwa na kuchorwa. Ulikuwa mradi wa Baraza la Jiji na Benki ya Dunia ulioanza 1975, ploti zipatazo 6,000, kila moja ikikabidhiwa na choo, bafu na maji, vyumba ukajijengea. Mitaro ilikuwemo kwenye ramani. Baadaye ndipo nyumba za chini zilipogeuka ghorofa, wapangaji wakaongezeka, na vibanda vikajengwa juu ya mitaro yenyewe.

Wageni walifika Jumatatu na ratiba iliyochapwa. Kiongozi wao, msichana mrefu mwenye filimbi shingoni, alitugawa kwa rangi: kundi jekundu, kundi la buluu, na kila kundi na nahodha wake. Mwenyekiti wetu alilipenda jambo hilo kwa sababu lilimpa nafasi ya kuhutubia. Kufikia saa nne hakuna aliyekumbuka rangi yake. Koleo zilikuwa chache kuliko mikono, na aliyeshika koleo ndiye aliyeamua pa kuchimba.

Uchafu wa mtaro uliokaa miaka una tabaka. Juu kuna karatasi za nailoni, zimeshikana hata ukivuta moja zinakuja mita nzima. Chini yake kuna tope jeusi linalong'aa kama lami, na hilo ndilo lenye harufu. Chini kabisa tulikuta saruji safi ya miaka ya sabini, ukingo wake haujapata ufa. Tulisimama tukaitazama. Kijana mmoja wa Uingereza alitapika pembeni, akasukutua, akarudi kazini, na tangu hapo watoto wa koti, yaani ua wa ploti zetu, wakawa wanamwita kwa jina lake.

Shida kubwa ilikuwa pesa. Mwaka huo serikali ilikuwa imeanzisha Kazi kwa Vijana, na mtaani kila aliyeonekana na koleo alihesabiwa kuwa yuko kwenye malipo. Ukiongeza wazungu, basi hesabu ilishafungwa: mmelipwa, na mmekula peke yenu. Siku ya pili vijana wawili wa koti la jirani walikuja kudai mgao wao, na hawakuja kwa utani.

Hapo ndipo dada wa saluni, mweka hazina wetu, alipochukua usukani bila kuchaguliwa na mtu. Alikuwa na daftari la kurasa mia, lile lile la wateja wanaosukwa kwa deni. Alinakili matumizi kwa chaki kwenye geti la chuma, kila jioni, herufi kubwa: chai, maandazi, glavu, mkokoteni wa kupeleka taka jalalani, safari kwa safari. Chini akaandika baki. Aliyeuliza wazungu wametoa ngapi alijibiwa neno moja, "Soma." Wale vijana wawili walisoma, wakauliza kwa nini maandazi ni mengi hivyo, wakaambiwa wale nao, na Jumatano walikuwa ndani ya mtaro.

Nauli za wale wageni zingewalipa mafundi wa kutosha kuchimba mtaa mzima. Hilo tulilisema, na wao wenyewe walilisema kabla yetu. Lakini pia ni kweli kwamba watu waliotoka nje kuwatazama wazungu wakizoa uchafu waliona haya, wakashika koleo. Mimi sioni vibaya kuyasema yote mawili.

Alhamisi tulikwama kwenye kibanda kilichokaa juu ya mtaro. Mwenyewe alikataa katakata kukisogeza. Mwenyekiti alitishia kuita kanjo, askari wa Baraza la Jiji, jambo lililoharibu kila kitu. Kiongozi wa wageni akapendekeza tuache pale, tukachore picha ukutani, kwa kuwa rangi ilikuwa imeshanunuliwa. Dada wa saluni alisema rangi haizuii maji, kisha akaenda kumleta shosho, bibi wa ploti ya mwisho.

"Kijana yangu," shosho akamwambia mwenye kibanda, "nyumba hizi tulijengeana. Leo kwangu, kesho kwa mwenzangu. Mchanga nimeubeba na mtoto mgongoni. Wewe ni mbao tu zinakushinda?"

Kibanda kilisogezwa hatua tatu kwa mikono ya watu zaidi ya kumi, soda zikiwa bado ndani. Ukuta ulipakwa Ijumaa jioni, upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili ulisubiri mpaka mtaro umalizike.

Kwa baki tulinunua koleo mbili na reki, tukaziweka kwa shosho. Ukitaka kuazima, unaandikwa kwenye daftari na unaweka sahihi. Wa kwanza kuandikwa kwamba hajarudisha alikuwa mwenyekiti wetu.