Kinyume cha Hasira

Hapa Digodigo watoto wetu huanza na Kisonjo nyumbani; Kiswahili hukishika zaidi shuleni. Funga, fungua, ziba, zibua: vinyume hivyo havisumbui. Lakini penda haina “pendua”. Kinyume chake ni chukia, neno jingine kabisa.

Juzi binti yangu aliandika kwamba kinyume cha hasira ni furaha. Nikamwuliza, “Mama akiisha kukukaripia, akanyamaza, huwa amefurahi?” Akafikiri. “Hapana, ametulia.” Basi, ni utulivu, furaha hupingana na huzuni.

Si mchezo huu. Mtoto asiyelijua neno hofu hunyamaza darasani, akadhaniwa ana kiburi.

Nawe waulize wako jioni: kinyume cha wivu ni nini? Mimi nasema kuridhika. Mama watoto asema upendo. Bado tunabishana.