Kutu Iliyojificha

Gari la baba ni pikapu, Land Rover Series III, aina iliyoundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hubeba mahindi na omena kati ya Sindo na Magunga. Siku moja lilianza kulalia upande mmoja. Baba akasema, "Springi zimechoka. Ongeza bapa moja kila upande, libebe magunia zaidi."

Fundi alichukua nyundo akagonga chesisi: ko, ko, ko, kisha pu! Nyundo ikazama.

"Mzee, bodi ni aluminiamu, haipati kutu. Lakini chesisi ni chuma chenye uwazi ndani. Matope yakiingia, huliwa kimyakimya. Ukikaza springi tu, mzigo utaing'oa pale iliposhikiliwa."

Baba alinitazama. Pesa alizokuwa nazo zilikuwa karo yangu.

"Baba, chesisi kwanza," nikasema.

Sehemu iliyooza ikakatwa, chuma kipya kikachomelewa, ndipo springi zikaongezwa. Nilirudi shuleni nimechelewa wiki mbili. Nilipoulizwa sababu mbele ya darasa, niliona haya. Sasa sioni, kwani gari hilo ndilo lililolipa karo ya mihula iliyofuata.

Wasomaji wenzangu, wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.