Mstari Nilioruka

Nilipokuwa na umri wa miaka 11, nilikuwa macho ya watu wazima wa mtaa wetu. Huko Buzebazeba, katika mji wa Kigoma Ujiji, mtoto aliyesoma bila kukwama hakuwa na jioni yake mwenyewe. Barua zilitufikia kwa njia mbili. Za posta zilikuja na garimoshi la Reli ya Kati. Za mkono zililetwa na watu wa maboti walioshuka mwaloni, zimekunjwa mara nne na zinanuka dagaa. Zote ziliishia mikononi mwa watoto kama mimi. Nilisoma habari za misiba, za mahari, za madeni ya mafuta ya mawese. Kisha nilichukua karatasi nyingine nikaandika majibu, nikianza kila mara na salamu zilezile nilizofundishwa shuleni.

Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi mwanamke niliyemwita Shangazi, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Alikamua mawese na kuyauza sokoni. Mumewe alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie kutafuta maisha, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Siku barua yake ilipofika, Shangazi aliniita kwa sauti iliyosikika mtaa mzima. Nilimkuta ameketi mkekani pamoja na wanawake wengine wawili. Alijifuta mikono kwenye kanga, mara mbili, ndipo akanikabidhi bahasha.

Salamu zilikuwa ndefu, nami nilizisoma kwa madaha kwa kuwa nilijua ninasikilizwa. Nilipofika katikati ya ukurasa nikakutana na mstari mmoja, ulioandikwa kwa mwandiko uleule mtulivu, uliosema kwamba amempa mkewe talaka na kwamba asimngojee. Niliinua macho. Wanawake wote watatu walikuwa wanatabasamu, wakisubiri niendelee. Nikashusha macho, nikauruka ule mstari, nikaendelea na habari za bei ya chumvi na salamu kwa majirani. Barua ikakunjwa, ikawekwa ndani ya sanduku la bati. Mimi nikapewa ndizi mbili za kuchoma, nikazila njiani.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya vile kwa huruma. Si kweli. Niliogopa. Sikutaka kuwa mdomo uliotamka neno lile mbele ya watu. Huruma niliizua baadaye, ili niweze kulala.

Shangazi alingoja. Mwaka wa tatu wa kungoja kwake, fundi mmoja wa mitumbwi aliyekuwa amefiwa na mkewe alituma wazee kupeleka posa. Shangazi aliwarudisha kwa heshima, akisema kwamba yeye ni mke wa mtu. Nilisikia habari hiyo mama yangu alipokuwa akimsimulia jirani jikoni. Nilikuwa nimekaa karibu nao, nikichambua maharage. Nikaendelea kuchambua.

Hapa niseme kidogo juu ya nchi yetu, maana kilichomfungua Shangazi hakikuwa muujiza bali sera. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisomo chenye manufaa kikaenea hadi vijijini: watu walijifunza a, e, i, o, u kupitia vitabu vya pamba, vya uvuvi, vya afya ya mama na mtoto. Kanda ya Ziwa ilipata hata gazeti lake la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, kuanzia mwaka 1974. Nchi iliyopata uhuru huku watu wake wengi hawajui kusoma ilitamba, kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki kama mmoja kati ya watu wazima kumi. Baadaye uchumi ulidorora, magazeti yale yakatoweka, madarasa mengi yakafungwa. Lakini darasa moja la jioni lilisalia kwenye shule ya msingi ya jirani, na mwalimu wake alikuwa haogopi giza wala ukosefu wa chaki. Shangazi alijiandikisha. Alisema amechoka kudanganywa kwenye mizani sokoni.

Nilikuwa kidato cha kwanza aliponiita tena. Mkeka ulikuwa uleule, ila safari hii tulikuwa wawili tu. Akaitoa barua sandukuni, akaikunjua juu ya goti, akaweka kidole chini ya ule mstari. Hakukisogeza.

“Hapa uliruka,” alisema.

Sikuwa na la kujibu. Nilianza kulia, naye akaniacha nilie bila kunibembeleza. Baadaye akasema maneno ambayo sijapata kuyasikia katika mhadhara wowote, wala sijayakuta katika kitabu: “Mwanangu, kilio kilikuwa changu. Nani alikupa ruhusa ya kunifichia?”

Fundi wa mitumbwi alikuwa ameshaoa kwingine. Shangazi hakuolewa tena.

Nilikuja kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Kazi yangu ni kuwasomea watu yale wasiyoweza kuyasoma wenyewe, na kila ninapoingia kumbukumbu za kale nakutana na kile kidole. Mfano mmoja unatoka papa hapa kwetu. Wageni wanaofika Ujiji hupelekwa kwenye mnara ulio mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Wanasimuliwa salamu maarufu, wanapiga picha, wanaondoka. Ni wachache wanaoambiwa ni jambo gani lililomrudisha mzee yule Ujiji akiwa amedhoofika kiasi kile.

Tarehe 15 Julai ya mwaka huohuo alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Manyema ambayo ndiyo asili ya mababu wa watu wengi wa mji wetu. Siku ya soko, watu wa misafara ya biashara ya watumwa na pembe waliwamiminia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Waliuawa mamia. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea. Wino ule ulififia kiasi kwamba kwa zaidi ya karne moja shajara ile haikusomeka. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameisoma kwa kupiga picha zake chini ya mianga ya rangi mbalimbali.

Walipolinganisha shajara na nakala safi aliyoiandika Livingstone mwenyewe baadaye, waliona tofauti. Baadhi ya mambo, hasa yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, yalilainishwa au kuachwa. Alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na karatasi zake hadi pwani. Rafiki yake Horace Waller alihariri maandiko hayo na kuyatoa kitabuni London mwaka 1874, naye pia akachagua kipi kibaki na kipi kiondoke. Susi na Chuma waliitwa Uingereza kumsaidia kazi hiyo. Jina lililokaa kwenye jalada kama mhariri ni la Waller.

Sisemi kwamba Livingstone alikuwa mwongo. Habari ya mauaji yale ilipofika Uingereza iliitikisa serikali, na mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Ukweli ulioandikwa kwenye gazeti kuukuu ulifanya kazi yake. Ninachosema ni kwamba hata shahidi mwema, akiwa na kalamu safi na muda wa kutosha, hushawishika kuruka mstari unaomgusa yeye mwenyewe.

Ndugu msomaji, jiulize leo ni nani anayekusomea. Mkulima anapewa fomu ya kukabidhi kiwanja chake. Mama lishe anasaini mkopo ambao mtaani umepewa jina la kausha damu, baada ya kijana mwenye tai kumweleza “kwa kifupi” yaliyomo. Mgonjwa anapewa karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Kwa miongo mingi sheria zetu zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza, na mshtakiwa akasikia hukumu yake kwa kinywa cha mkalimani. Ilitulazimu kufika mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha marekebisho ya kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kazi ya kuzitafsiri sheria ni kubwa, na ni kazi ya haki kabla ya kuwa kazi ya lugha. Mtu asiyeweza kuisoma karatasi inayomfunga anaishi kwa hisani ya msomaji wake, na msomaji huyo anaweza kuwa mtoto mwoga wa miaka 11.

Sisi wanazuoni hatuna budi kujihesabu katika kundi hilo. Tasnifu yangu ya uzamivu inahusu watu wa mwambao wa Tanganyika. Nimeiandika kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya 300, na sidhani kama kuna mkazi mmoja wa Buzebazeba aliyeisoma. Nilikusanya maneno yao wakiwa wameketi mikekani, nikayavusha bahari, nikapata cheo. Sijayarudisha.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, na kutoa takwimu zenye kupotosha au kukanusha zile rasmi likawa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Mwaka uliofuata ililegezwa. Lakini katika miezi ile ya katikati nilikuwa na makala mkononi, yenye aya moja iliyobeba hesabu nilizozikusanya mwenyewe kwa kwenda nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyenipigia simu wala kunitisha. Nilikaa mbele ya kompyuta usiku, nikaichagua ile aya, nikaifuta. Asubuhi niliwaambia wenzangu kwamba nimeifupisha makala ili isomeke vizuri. Walinisifu kwa ufupi wake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Taifa nalo lina maradhi yake, na wanaoyaficha si watawala peke yao. Tumo sisi tunaofuta kabla hatujaambiwa, kisha tunakuita kufuta kule busara, kama mimi nilivyouita woga wangu huruma. Sheria mbaya inaweza kurekebishwa bungeni kwa siku moja. Mazoea ya kuruka mistari hukaa ndani ya mtu hata sheria ikishaondoka. Najua, kwa kuwa aya ile sijairudisha hadi leo ninapoandika haya.

Kwa hiyo nimeamua kuandika juu ya kusoma na kuandika, kwa Kiswahili, mara kwa mara kadiri kazi itakavyoniruhusu. Nitasimulia vitabu ninavyovisoma na nyaraka ninazokutana nazo, pamoja na yale yaliyomo ndani ya sheria na mikataba ambayo tunaambiwa kwa kifupi tu. Sitaweza kusema kila kitu. Nina familia, nina mwajiri, na ujasiri wangu una mipaka niliyokwisha kuiungama hapo juu. Ahadi yangu ni ndogo kuliko ushujaa: nikiruka mstari, nitasema kwamba nimeruka, ili msomaji ajue mahali pa kuweka kidole. Ya kwanza nitakayoirudisha ni ile aya ya mwaka 2018, wiki ijayo, pamoja na hesabu zake.

Shangazi yu hai. Macho yake yamepungua nguvu, lakini bado anasoma, kwa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Likizo iliyopita nilikwenda kumwomba ruhusa ya kuisimulia habari hii. Alifikiri kidogo, akauliza kama nitaiandika kwa Kiswahili. Nikajibu ndiyo.

“Basi ichape kwa herufi kubwa,” akasema, “uniletee. Nitaisoma mwenyewe.”