Nilivyopoteza sauti ya nyanya mbele ya tarakilishi

Majuto ni mjukuu, wahenga walinena. Nami ndiye mjukuu mwenyewe.

Aprili mwaka jana nyanya yangu alishuka kutoka Wundanyi kuja Nairobi kutibiwa macho. Umri wake umepita miaka 80. Usiku mmoja baada ya chajio aliniambia, "Mjukuu wangu, leo nitakutajia ndugu zangu wote, walio hai na waliotangulia. Andika."

"Nyanya, siandiki," nikamjibu kwa majivuno. "Nitakunasa sauti."

Nilikuwa nimenunua maikrofoni ya kuchomekwa kwenye tarakilishi kwa waya wa USB. Nikaiweka mbele yake, nikafungua Audacity, programu isiyolipiwa, nikabonyeza kitufe chekundu. Nilipoona mistari ya sauti ikichezacheza nikatulia. Nyanya alisimulia saa nzima na ushei, akaimba, akalia kidogo.

Nilisikiliza baada ya yeye kurudi nyumbani. Lo! Feni ya tarakilishi ilinguruma kama kisiagi cha unga, na nyanya alisikika mbali kama mtu aliye ndani ya kisima. Kumbe sikuwa nimeiambia programu itumie maikrofoni ipi. Ilitumia ile ndogo iliyomo ndani ya tarakilishi, karibu na feni. Yangu ya pesa ilikuwa pambo la meza.

Fundi mmoja wa studio alinifunza bila kunicheka. Kwanza, chagua maikrofoni yako katika orodha ya programu. Pili, iweke kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge. Tatu, mwombe msemaji apaze sauti, nawe urekebishe kiwango hadi vilele vifike karibu na desibeli -12. Vikigota kwenye sifuri sauti hupasuka, na iliyopasuka haishoneki. Nne, tafuta chumba chenye mapazia na blanketi, kwani sebule tupu hurudisha mwangwi. Tano, zima spika, uvae hedifoni. Mwisho, nasa nusu dakika na uisikilize, ndipo mzee aanze.

Agosti nilipanda Wundanyi na mafunzo hayo yote. Sauti ilitoka safi kabisa. Lakini Juni nyanya alikuwa amepatwa na kiharusi. Alipofika kwa dada zake alitaja watatu, akanyamaza.

"Walikuwa watano," akasema. "Nisaidie, mjukuu wangu."

Sikuweza. Majina mawili yamo katika rekodi ile ya Aprili, chini ya feni. Moja nimelipata baada ya kusikiliza usiku mwingi. La pili bado. Programu ina njia ya kupunguza mngurumo, ila kila nikiupunguza, jina nalo huondoka.

Ewe msomaji, kama una mzee nyumbani, mnase sauti. Lakini ile nusu dakika ya majaribio usiionee uvivu.